Nusu ya Mia na Hamsini

Haya nilisimuliwa na jirani yangu juzi, tukichambua maharage. Swali la mtihani lilisema shamba lilitoa magunia mia. Mwaka wa pili mavuno yakaongezeka kwa asilimia hamsini, wa tatu yakapungua kwa asilimia hamsini. Yalibaki mangapi?

Binti yake Dorcas aliandika sabini na tano. Mwalimu akamkosesha, akamfuta kwenye orodha ya mashindano ya hesabu Kasulu mjini. "Hamsini imepanda, hamsini imeshuka. Ni mia ileile!"

Mama mtu akatoka shambani na jembe lake, akamwaga mezani kwa mwalimu punje mia na hamsini.

"Mwalimu, mwenye shamba na mlimaji wanagawana nusu kwa nusu. Haya, chukua nusu yako."

Mwalimu akahesabu kwa kidole. Kufika sabini na tano, kidole kikasimama. Kilichobaki kilikuwa sawa na alichochukua.

"Lakini Mama Dorcas, orodha imeshapelekwa."

"Ifuate! Mwanangu ulimfuta bila kuchelewa."

Akakalia kiti cha mwalimu, akakunja mikono. Alikuwa amelima tangu alfajiri. Pikipiki ya mwalimu ilipowashwa nje, yeye alikuwa ameshalala.