Mstari wa Saba

"Andika sabini na moja, mama," daktari alisema hata kabla hajaketi. "Majibu yametoka sasa hivi."

Karani wa masjala hakuandika. Kwanza alichukua chupa ndogo aliyoichora mistari kwa kalamu, akanywa funda moja, akatazama maji yake ya siku yamefika mstari upi, akaifunga.

Daktari alikuwa na wiki mbili tu katika hospitali ile. Alikuwa akila chakula cha mchana peke yake kwenye ngazi za nyuma, mpaka mama huyu alipomwita. "Njoo ule humu, mwanangu. Hicho kiti cha wageni hakijawahi kumwona mgeni."

Leo alikuja na faili la binti wa miaka kumi na tisa. Madaktari bingwa wa figo wangefika Jumatatu, wapasue wagonjwa sita, kisha waondoke hadi mwakani. Orodha ilipangwa kwa alama, mwenye hali mbaya zaidi juu. Haikuwa na majina, namba za faili na za simu tu.

"Jedwali halina shangazi wala mjomba," karani alizoea kusema.

Aliandika fomula ya kutafuta nafasi. Kompyuta ikajibu: nne. Sabini na moja ilikaa chini ya sabini na nne, juu ya sitini na nane.

"Ingiza basi."

Kidole cha karani kikabaki hewani juu ya kitufe. "Una hakika si sitini na moja?"

"Nimepima mara mbili. Leo unanitania."

"Nauliza tu. Tarakimu moja ina maneno mengi."

Akabonyeza. Wote waliokuwa chini wakashuka hatua moja. Wa sita akawa wa saba, na rangi ya kijani ya wale sita wa kupasuliwa ikambanduka.

Daktari akashusha pumzi. Akacheka, mara ya kwanza tangu aje mjini. Kisha macho yake yakarudi kwenye mstari ule uliobaki mweupe.

"Huyu lazima aambiwe leo."

"Niachie mimi. Nitamfikishia."

"Hapana, mama. Mgonjwa wangu ndiye aliyemsukuma. Nitampigia mwenyewe." Akasogea karibu na kioo cha kompyuta. "Ajabu. Namba yake ya simu na ya ndugu wa karibu ni moja. Labda wanaishi pamoja."

"Labda," karani alisema, akinyoosha karatasi ambazo zilikuwa zimenyooka tayari.

Daktari akatoa simu mfukoni, akapiga.

Simu ya mezani, kando ya chupa yenye mistari, ikaanza kuita. Karani aliiacha iite mara mbili, kisha akainua mkonga.

"Ndiye anayezungumza, daktari," alisema kwa upole.