Mdomo wa Bi Hatutaki

Ulikuwepo ukumbini pale kiwandani, usijifanye hukuwepo. Meneja alipougusia ule moto wa zamani, wewe uliinamia simu yako kana kwamba kuna mtu kakuandikia. Hakuna aliyekuandikia. Basi leo utasikia, upende usipende, kilichompata Bi Hatutaki siku mliyokusanyika kumkumbuka.

Kumkumbuka! Mtu yu hai, amekaa mbele yenu kwenye kiti cha magurudumu, na bado mnasema "alikuwa".

Jina hilo alipewa na mameneja wenyewe, maana ndilo neno lililotangulia kuingia ofisini kabla yake. Wanawake kupapaswa miili getini wakitoka zamu? Hatutaki. Watu wa ng'ambo ya reli kukatazwa kupanga nyumba mjini, na kodi ya serikali wanalipa kama wengine? Hatutaki. Kwa hilo la pili alikaa rumande mpaka chawa wakamzoea.

Lakini lililomla maisha ni mlango wa nyuma wa chumba cha kufumia. Ulikuwa ukifungwa kwa mnyororo, eti wafumaji wasiibe vitambaa. Moto ulipozuka, wenzake waliokotwa nyuma ya mlango huo, wamelaliana. Dada yake alikuwa wa chini kabisa. Bi Hatutaki aligoma, akagomesha, akafukuzwa, akarudi, mpaka mnyororo ukatoka.

Sasa daktari amempasua koo kuondoa uvimbe, na sauti imeondoka nao. Vidole vimekunjwa na baridi yabisi, kalamu havishiki. Imebaki midomo.

Na anayeisoma midomo ile amebaki mmoja tu: shemeji yake, mume wa marehemu dada yake, fundi mstaafu wa mitambo. Enzi zao mashine za kufumia zilinguruma hata radi usiisikie, kwa hiyo wafumaji walizungumza kwa midomo mitupu. Walisengenyana, wakachumbiana, wakapanga migomo, msimamizi kasimama katikati yao akidhani wanatafuna karanga. Watu wale wamekwisha. Wamebaki hao wawili.

Fundi ndiye aliyemsukumia kiti siku ile.

"Shemeji, umependeza," alimwambia. "Nikikuacha hapa getini watakuposa."

"Nani, hawa?" midomo ilijibu. "Hata nyongeza ya mshahara imewashinda, mahari wataiweza?"

Fundi alicheka mpaka akasimamisha kiti. Kisha akampa habari: mjukuu wao ameanza kazi humo ofisini Jumatatu. Ana meza yake, ana kiti kinachozunguka. Bi Hatutaki akampiga kofi la mkononi kwa furaha. Mtoto yule ana macho ya bibi yake aliyeungua, yaleyale.

Njia ya ukumbini inapita chumba cha kufumia. Walipofika katikati, vidole vibovu vya Bi Hatutaki vilimng'ang'ania fundi. Mlango wa nyuma umerudishiwa mnyororo. Kufuli jipya, linang'aa.

"Umeuona?"

"Nimeuona." Fundi alijibu kwa midomo vilevile, maana msimamizi alikuwa karibu. "Tulia, shemeji. Mkaguzi wa kazi ni mgeni wao leo, wamempitisha mlango wa mbele, huku hakukanyaga. Utamwambia ukumbini, mbele ya watu wote. Mimi ndiye mdomo wako."

Alitulia. Nyote mlikuwa mmeshauona mnyororo ule, na kila mmoja alingoja mwenzake aseme. Yeye hakungoja mtu. Alichotaka ni kipaza sauti tu.

Meneja alihutubia. Alimwita "mama yetu", kinywa hichohicho kilichowahi kumwita mchochezi. Alimsifu kwa ule mlango, bila haya, akasema mambo hayo sasa ni historia. Kisha akamtandikia magotini blanketi la zawadi, na joto lile, na feni imeharibika.

"Mama yetu ana neno?" aliuliza. "Mzee, wewe si unamwelewa?"

Bi Hatutaki alijikaza kitini, akainua kidevu. Alisema polepole, akiumba kila neno kama alivyokuwa akiwafundisha wasichana wapya: Mlango wa nyuma umefungwa kwa mnyororo. Mkaguzi, inuka ukauone sasa hivi. Na nyie wanangu, asiingie mtu kazini mpaka ukatwe.

Hata wewe uliinua macho. Mkaguzi alisogea ukingoni mwa kiti chake. Fundi hakupepesa, alimsoma shemeji yake mpaka neno la mwisho, akamtupia jicho mjukuu wake aliyesimama nyuma ya meneja, akakipokea kipaza sauti.

"Anasema asanteni sana kwa blanketi," alisema. "Anasema kiwanda hiki ni nyumbani kwake, na nyie fanyeni kazi kwa bidii."

Mkapiga makofi. Mkaguzi naye akapiga. Midomo ya Bi Hatutaki ilikwenda mbio, ikirudia, ikirudia, na blanketi likamteleza miguuni.

"Amechoka," fundi alisema, hamtazami tena. "Anaomba arudishwe nyumbani."

Sasa umejua alichosema. Zamu ya mchana imeshaingia na mashine zinanguruma. Inuka hapo ulipokaa, tafuta msumeno wa chuma, ukaukate ule mnyororo.