Neno la Mlangoni

Nyamizi alikuwa amemfundisha hata mumewe: ukisikia hodi, funga mdomo. Sheria ya nchi yenyewe ilikuwa na nia njema, asilale mtu nje katika miaka hii ya ukame. Ukimwambia mtu "karibu", kisanduku cha mlangoni kinasikia, na tangu hapo mtu huyo ni wako. Atalala kwako na kunywa kutoka fungu lenu lilelile la maji, mpaka mvua inyeshe.

Mchana huo alikuwa akimwogesha mwanawe mchanga aliposikia hodi. Akanyamaza. Hodi ya pili. Akachungulia dirishani, akamwona mwanamke amesimama juani, midomo imempasuka kwa kiu.

"Hapa hapana nafasi, dada. Jaribu mbele."

"Sijaomba pa kulala, mama. Funda moja tu, nilowanishe koo."

Nafsi ikamsuta. Akachota kikombe, akakipitisha kwenye nondo za dirisha. Yule mwanamke akanywa taratibu, akakirudisha kwa mikono miwili huku akipiga goti kidogo, kama walivyolelewa wote wawili.

"Asante sana, mama."

"Karibu," akajibu Nyamizi.

Kisanduku kikalia. Taa ya kijani ikawaka, na bomba la beseni likaanza kudondosha matone tu, fungu limeshagawanywa upya, mtoto bado ana povu kichwani.

"Dada, sikukukaribisha! Nimejibu asante yako tu!"

"Najua," alisema yule mwanamke, ameshainama kizingitini anavua ndala. "Hata mimi, nilipokuwa na nyumba, nilijibu asante tu."