Kinda wa Chiriku

Bi Shemsa alichovya njiti ya kiberiti kwenye uji wa mtama, akamlisha kinda wa chiriku. Mamake alikuwa amemdonoa kichwa mpaka kikatoka damu.

"Kesho unarudi kwenu," alimwambia Mize, binti wa kaka yake, bila kumtazama.

"Shangazi, mama atanichoma tena."

"Koma! Mama ni mama. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi."

Mize alimchukua kinda kwa mkono wake wenye kovu la pasi, akamrudisha tunduni kwa mamake.

"Mtoe, mwanaharamu we! Atamuua!"

"Si mamake, shangazi?"

Bi Shemsa alivuta kilango cha tundu akifungue. Mize akakibana kwa mikono miwili. Ndani, chiriku mkubwa alishuka kijitini, akamwendea mwanawe.