Kiganja cha Nahodha

Kwa habari za mafuta, mji huu hauna mjuzi kama mimi. Ujuzi wenyewe niliupata nikiuza vitumbua langoni pa matangi.

Vita vilipofunga njia kuu ya bahari, meli zote zikaja kupakia kwetu. Wiki ya tatu matangi yakakauka, na mafuta mengine yangefika Jumamosi. Msellem, mtunza matangi, alijua meli moja ikiondoka tupu, zilizobaki zitahamia bandari ya jirani na vibarua wote watarudi kukaa vibarazani.

Akashuka nahodha, mama mfupi. "Bwana, mafuta yapo?"

"Tele, mama. Tangi hili limejaa hadi kwenye kifuniko. Tunatengeneza pampu tu."

"Na kijiti cha kupimia?"

"Kimevunjika."

"Pole. Kumbe kizima ni mafuta peke yake."

Jua lilikuwa la saa saba. Nahodha akasema bati la tangi huwa na ubaridi pale mafuta yalipofikia. Akabandika kiganja kwenye bati, juu kidogo ya usawa wa kichwa chake, akakiondoa upesi. Akajaribu usawa wa kifua, wa kiuno, wa magoti. Mwishowe akachuchumaa, akagusa karibu na ardhi, akapuliza vidole.

"Haya, baba, nionyeshe wewe penye ubaridi."

Msellem akanyoosha mkono, ukasimama kabla haujafika kwenye bati.