Hedifoni za Bei ya Kati

Shikamoo ya tatu nayo haikuitikiwa. Doreen akaamua papo hapo kwamba yule mzee ana dharau za kuzaliwa nazo.

Mzee alisimama kizingitini mwa duka, koti la suti, kofia na mabuti ya mvua, mgongo ndani, uso nje, akiitazama barabara ya Tukuyu inayochuruzika maji. Ndani hapakuwa na mteja mwingine ila mwalimu Obed, aliyekuwa akichapa barua ya kwaya.

"Mwalimu," mzee aliiambia barabara, "mwambie mwenye duka marahaba. Na mwambie nataka hedifoni za kompyuta. Za bei ya kati."

"Mzee, mimi nipo hapa," Doreen alisema. "Niambie mwenyewe."

Mzee akakohoa, basi.

"Anasema anataka hedi..."

"Nimesikia, mwalimu! Mimi si kiziwi!"

Tuseme ukweli, hasira ile haikuanzia kwa mzee. Doreen alikuwa nayo miezi miwili. Alitoka Singida na kompyuta zake nne, siku hizi za biashara huria ambapo kila mtu anauza anachoweza, na mpaka leo watu walimwita mtu wa kuja. Mchumba wake Hosea, kijana wa Kinyala, hapo jirani, anayesoma India, alikuwa amemwandikia baba yake barua kuomba ridhaa ya kumuoa. Miezi miwili, kimya. Na Hosea alishasema wazi: baba akikataa, hakuna ndoa.

Kila Jumamosi Hosea alimpigia kwa kompyuta, na kila Jumamosi Doreen alisikia nusu tu, kwa hedifoni kuukuu alizozifunga plasta ya hospitali. Mpya zilijaa kabatini, lakini hizo zilikuwa za kuuza.

Hata Tusajigwe, mwenyeji wa Kinyala anayeuza ndizi pale kona, alikuwa akimtania. Wiki iliyopita Tusajigwe alijitupa mtaroni na beseni lake zima, kisa baba mkwe wake ametokeza. Huku mke na baba wa mumewe hukimbiana nyuso, hiyo ndiyo heshima. Doreen alicheka mpaka akashika mbavu.

"Cheka tu," Tusajigwe alimwambia huku akikamua kanga. "Ukiolewa kwetu utaruka na wewe."

"Kwanza nikubaliwe," Doreen alijibu, na kicheko kikamkauka.

Sasa huyu hapa, mzee wa hukuhuku, hataki hata kumtazama. Doreen akalibwaga mezani boksi la kwanza, zile za bei rahisi.

Mzee alitoa karatasi mfukoni, akaisoma kwa mkono ulionyooka. "Mwambie avute waya pale unapoingilia."

Doreen akavuta. Waya ukacheza.

"Arudishe. Hizo hazimalizi mwezi."

Akaleta za bei ya juu, kubwa, zinazong'aa.

"Hizo ni za kujionyesha. Mwambie za kati. Na azivae yeye, ahesabu mpaka mia mbili."

"Nivae mimi? Kwani ni za nani?"

"Mwambie ni za mtoto wangu," mzee aliiambia barabara. "Anavaa hereni. Zisije zikambana."

Obed aliinamia kibodi, mabega yakimtetemeka. Doreen alimkata jicho. Kumbe hata mwalimu anafurahia! Akavaa hedifoni kwa kishindo, akahesabu kwa sauti kama mtoto wa darasa la kwanza, na kila namba aliitema. Alipofika mia moja na kumi masikio yalianza kuuma.

"Zinabana," alisema.

"Alete nyingine."

Za nne ndizo zilizotulia. Sponji pana, waya mnene, maiki yenye shingo inayokunjika. Alihesabu mia mbili na hakusikia maumivu, jambo lililomuudhi zaidi.

"Mwambie aseme neno kwenye maiki. Irekodiwe, wewe usikilize."

Doreen akaisogeza maiki mdomoni. "Moja, mbili. Leo nimepata mteja asiye na adabu hata chembe."

Obed alivaa, akasikiliza, akafuta machozi. "Inasikika vizuri sana, mzee. Kila neno."

"Basi ni hizo."

Doreen alinyoosha mkono apokee hela. Mzee hakumpa. Alirudi kinyumenyume hatua moja, akaziweka hela juu ya stuli, akaiambia barabara "Ndaga," asante ya kwao, na huyo akaondoka zake. Boksi kaliacha.

Hapo ndipo uvumilivu ulipomwishia. Mtu anamhesabisha mpaka mia mbili, anakataa mkono wake kana kwamba una ukoma, halafu hata mzigo hautaki kwa sababu umeshikwa na yeye? Alilinyakua boksi, akatoka mbio.

"Mzee! Mzigo wako!"

Mzee akaongeza mwendo.

"Mzee, nakuita!"

Sasa alikuwa anakimbia kabisa, mabuti yakipiga pwata pwata. Lakini Doreen alikuwa kijana. Alimpita pale kona, akageuka, akamsimamia mbele na boksi kifuani.

"Mtu wa kuja naye ni mtu!" alifoka. "Niangalie ninapoongea na wewe!"

Mzee aliivuta kofia mpaka kidevuni, na kwa miguu yote miwili akajitupa mtaroni. Maji yakamfika magotini.

Ng'ambo ya barabara Tusajigwe aliweka beseni chini, akapiga kigelegele kilichotoa watu madukani.

"Jamani, baba yake Hosea karuka mtaro! Doreen, umeolewa lini, mwenzetu, hata kutuambia?"