Vidole Vinne Ukutani

Asubuhi hiyo Mama Marcelline alikuwa ameketi kwenye kizingiti cha Nyumba Kubwa, nyundo ya kuvunjia mawe imelala mapajani, na vijana sita waliotumwa kuibomoa nyumba wakabaki wamesimama uani na sururu zao.

"Mama, utupishe," Serge alisema. Alikuwa mfanyabiashara wa dhahabu kutoka Salamabila, na mahali hapo alitaka kujenga hoteli. "Niko na karatasi ya ofisi."

"Weye uko na karatasi. Miye niko na mukeka, nao umetandikwa hapa miaka makumi ine."

Watu waliokusanyika walicheka. Wahenga walisema mwenye nguvu mpishe, lakini mjane huyu hakuwahi kuwasikia. Kila kiangazi alikanda udongo akaziba nyufa za Nyumba Kubwa, na huku kibanda chake mwenyewe, pale nyuma, kilivuja kama kapu. Mji mzima wa Kasongo ulimcheka kwa hilo, ila mwalimu Christophe, anayefundisha historia. Yeye alikuwa ameandika barua tatu kwa wakubwa wa jimbo kule Kindu akiomba nyumba ilindwe. Hakujibiwa hata moja.

Serge akamgeukia shefu wa mtaa, aliyeitwa kuamua. "Hii nyumba haiko na mwenyewe! Tajiri aliyeijenga alikimbia vita zamani, hakuacha hata mutoto. Huyu mama ni nani hapa?"

"Ujibu, mama," shefu alisema. "Ukoo wako uliingia hapa namna gani?"

Marcelline alijiinua kwa shida, akawaongoza hadi ukuta wa upande wa jikoni, ambako lipu ilikuwa imebanduka. Kila tofali lilikuwa na alama ya kiganja, kwa kuwa aliyelifyatua alilisawazisha kwa mkono udongo ukiwa bado mbichi. Matofali ya chini yalikuwa na vidole vitano. Kuanzia usawa wa goti hadi juu kabisa, yote yalikuwa na vidole vinne.

"Mama ya bibi yangu," alisema. "Walimukamata kule Wamaza, wakamuleta hapa kufyatua matofali. Tajiri alikuwa na sheria moja: mutu akivunja tofali la hii nyumba, anakatwa kidole."

Hakuna aliyecheka tena. Serge mwenyewe alivua kofia, akaangalia chini.

"Na bado umeitunza miaka yote hiyo?" shefu aliuliza.

"Bibi aliniachia neno. Alisema, Marcelline, hii nyumba isianguke yenyewe, na mugeni asiiguse. Basi, miye nimekaa. Mukitaka kunitoa, munitoe na kizingiti."

Shefu hakufikiri sana. Karatasi ya Serge ilisema nyumba haina mwenyewe, na sasa mwenyewe alikuwa amepatikana, mbele ya mashahidi. Akaichukua karatasi ileile, akaigeuza, akaandika nyuma yake kwamba nyumba ni ya Marcelline, afanye nayo apendavyo. Akatia sahihi, akagonga muhuri.

Wanawake walipiga vigelegele. Serge aliwaita vijana wake, wakapanda pikipiki wakaondoka bila kuaga.

Mwalimu Christophe, aliyekuwa katikati ya watu, alikuwa analia wazi, bila aibu, kwa furaha. "Mama, tutaweka kibao hapa mulangoni! Itakuwa musée, nyumba ya makumbusho! Wanafunzi watakuja kuona hii mikono kwa macho yao."

"Waje," Marcelline alisema. "Waite waje sasa hivi, wasichelewe."

Mwalimu alimtuma mtu mbio shuleni. Marcelline akaikunja karatasi, akaitia kifuani, akafunga kitenge chake vizuri kiunoni. Watoto walipofika wakihema, aliwapanga mwenyewe mbali kidogo na ukuta, na Christophe naye akaombwa arudi nyuma hatua tatu.

Kisha mama akaishika nyundo kwa vidole vyake vyote kumi.

"Haya," alisema, "tuone leo nani atanikata kidole," na akaipiga Nyumba Kubwa kwa nguvu zake zote.